KUZURU MAKABURI YA ASKARI, NA DENI LA MAJINA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu wasomaji watukufu watasoma habari za wazee waliosimamisha misikiti yetu, na walimu waliofundisha watoto Kurani chini ya miti kabla ya kuwako madrasa za matofali, na wafanya biashara waliotoa mali zao kuwa wakfu. Majina yao yameandikwa, nasi twawaombea dua. Walakini liko kundi jingine la marehemu wetu ambalo habari zake hazijakusanywa na mtu, nalo si dogo. Ni askari na wapagazi waliotoka katika nchi hii ya Uganda wakafa katika vita viwili vikuu vya dunia, vya mwaka 1914 mpaka 1918, na vya mwaka 1939 mpaka 1945. Baadhi yao wamelala katika viwanja vilivyopangwa safu kwa safu na kupandwa maua. Na wengine, walio wengi zaidi, wamelala porini, wala hapana ajuaye mahali. Kusudi la makala hii ni kueleza walikolala, na kwa sababu gani hawa wana majina na wale hawana, na ni jambo gani lituwajibikalo sisi tuliobaki.

Ziara ya makaburi katika dini yetu

Hapo mwanzo, watu walipokuwa karibu na mila za ujahili, Mtume alikataza kuzuru makaburi. Baadaye akaruhusu, akaeleza kwamba ziara humkumbusha mtu Akhera. Yeye mwenyewe alikuwa akienda Baqii usiku kuwaombea waliozikwa huko, tena aliwazuru mashahidi wa Uhud, vita vilivyopiganwa katika mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625, ambavyo Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwamo Hamza, ami yake Mtume.

Katika habari za Uhud iko moja iliyo na mafunzo makubwa kwa jambo letu. Siku ile Waislamu walikuwa wamechoka na wamejeruhiwa, na kuchimba kaburi kwa kila maiti kukawa kugumu, ikawabidi kuzika wawili wawili. Hata hivyo Mtume hakuacha maiti wafukiwe ovyo. Kwa kila wawili aliuliza ni yupi aliyekuwa amehifadhi Kurani zaidi, na aliyeonyeshwa akaamuru atangulizwe katika mwanandani. Basi hata katika dhiki ile kila maiti aliulizwa habari zake, na kila mmoja alijulikana ni nani.

Na iko habari ya pili. Palikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina, na wapokezi wengi husema ni mwanamke mweusi. Alipokufa, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kwa kuwa waliona ni jambo dogo lisilostahili kumsumbua. Mtume alipomkosa akauliza. Alipoambiwa amekwisha kufa, akawauliza mbona hawakumwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia pale pale. Habari hii imepokewa katika vitabu vilivyo sahihi, na kila mwenye kusoma habari za wapagazi wetu hana budi kuikumbuka, kwa maana wao nao walionekana na wakubwa wa siku zile kuwa ni watu wadogo.

Askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza

Uislamu na uaskari vilishikana mapema katika nchi hii. Mwaka 1891 Lugard aliwaleta Uganda askari wa Kisudani waliokuwa wamesalia katika jeshi la Emin Pasha, pamoja na wake zao na watoto wao, chini ya mkubwa wao Selim Bey. Hao ndio asili ya ndugu zetu Wanubi. Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Afrika ya Mashariki na Nyasa viliunganishwa vikawa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo wazee wetu walizoea kuliita Keya. Na kikosi chake cha 4 kikawa kikosi cha Uganda, ambacho makao yake yalikuwa Bombo kwa miaka mingi. Kwa hiyo ilipotangazwa vita mwezi wa Agosti 1914, palikuwapo Waislamu katika safu za mbele tangu siku ya kwanza. Wala hawakuwa upande mmoja tu. Askari wengi wa Wajerumani katika nchi ambayo sasa ni Tanzania walikuwa Waislamu pia, na Sultani wa Uturuki alipotangaza jihadi mwezi wa Novemba 1914, Wajerumani waliitumia habari hiyo kuwavuta watu kwao. Wakaenda kupigana watu waliofunga Ramadhani moja na kuelekea kibla kimoja, na Mungu pekee ndiye ajuaye nia za nyoyo zao.

Jeshi la Keya lilianza vita likiwa na vikosi 3. Vilipokwisha lilikuwa na vikosi 22, na askari zaidi ya 30,000. Lakini idadi hiyo ni ndogo kando ya idadi ya wapagazi. Nchi kati ya Ziwa Nyanza na Msumbiji haikuwa na barabara za magari ila chache, na farasi na nyumbu waliletwa wakafa kwa mbung'o. Basi kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila kipande cha mzinga kilibidi kichukuliwe kichwani au begani. Serikali ya Kiingereza peke yake iliandika wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasa na nchi nyingine. Jina la jeshi lao la Kiingereza, Carrier Corps, wenyeji walilitamka Kariakoo, na ndilo lililobaki katika mtaa wa Dar es Salaam na katika Kariokor ya Nairobi. Maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa katika masoko hayo kila siku, wala hawajui kuwa wanataja jina la jeshi la marehemu.

Wachache wao walikufa kwa risasi. Walio wengi walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya malaria, kwa kichomi na kwa njaa. Watu waliozoea ndizi walipewa mahindi na unga wasioufahamu kuupika, nao mara nyingi hawakuwa na kuni wala muda wa kuuivisha, matumbo yao yakaharibika. Watu wa nyanda za joto walipelekwa milimani bila blanketi la kutosha. Hesabu za serikali zenyewe zilitaja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa upande wa Waingereza, na wenye kuchunguza wamesema kuwa hata hiyo ni pungufu, kwa sababu wengi walioandikwa kuwa wametoroka walikuwa wamekufa njiani. Mwaka 1916 Uganda ilitoa wapagazi zaidi ya 8,000 kulisaidia jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, ambalo lilishika Kigali mwezi wa Mei na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka ule. Zaidi ya 1,000 katika hao hawakurudi. Kila aliyepita njia ile kati ya Kabale na Tabora amepita juu ya mifupa ya watu wa kwetu asipojua.

Ahadi ya usawa, na jinsi ilivyovunjwa

Tarehe 21 Mei 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, ilianzishwa huko London tume ya kifalme ya kutunza makaburi ya vita, ambayo leo huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Aliyeipigania sana ni Fabian Ware. Mwaka 1918 Frederic Kenyon, aliyekuwa mkubwa wa makumbusho ya British Museum, aliiandikia tume hiyo shauri la namna ya kujenga makaburi, nayo ikalikubali. Msingi wake ulikuwa usawa. Mawe yote yawe ya kimo kimoja na upana mmoja, ya jenerali na ya askari wa kawaida. Asitofautishwe tajiri na maskini. Na kila aliyekufa jina lake liandikwe, ama juu ya kaburi lake, ama, kama kaburi halikujulikana, juu ya ukuta wa kumbukumbu. Jambo hili lilikuwa jipya katika habari za vita vya Ulaya, kwa maana zamani askari wadogo walifukiwa katika shimo moja na kusahauliwa. Mwislamu hawezi ila kulisifu, kwani sisi tumefundishwa kuzikwa kwa sanda iliyo moja, mfalme na mtumwa.

Walakini ahadi hiyo ilitimizwa Ufaransa na Ubelgiji, haikutimizwa Afrika ya Mashariki. Makaburi ya Wazungu yalitafutwa, yakakusanywa, yakawekewa mawe. Makaburi ya askari weusi na ya wapagazi, hata yale yaliyojulikana, kwa sehemu kubwa yaliachwa yamezwe na msitu. Badala ya majina, tume na serikali ziliona yatosha kuweka masanamu ya shaba katika miji mitatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Lile la Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 1927, mahali pale ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya Wissmann. Askari wa shaba amesimama ameelekeza bunduki yake upande wa bandari, na chini yake yako maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu pia, kwa sababu waliosoma wakati ule walisoma kwa Kiarabu.

Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi mashuhuri wa Kiingereza. Yeye naye alikuwa na msiba wake. Mwanawe wa pekee, John, alipotea katika vita vya Loos nchini Ufaransa mwezi wa Septemba 1915, naye Kipling alimtafuta miaka mingi, akafa mwaka 1936 bila kuonyeshwa kaburi lake. Alijua basi uchungu wa mzazi asiye na kaburi la kuzuru. Nayo maana ya maneno aliyoyatunga ni kuwaahidi wapiganaji na wapagazi kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Msomaji akiizunguka sanamu ile pande zote nne hataona jina hata moja. Jina la John Kipling limechongwa Ufaransa. Jina la mpagazi wa Masaka au wa Bombo halikuchongwa popote.

Jambo hili halikusemwa waziwazi kwa miaka karibu mia. Mwezi wa Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa taarifa ya uchunguzi wake, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba walio wengi katika hao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Ikakiri pia kwamba sababu mojawapo ilikuwa ubaguzi wa siku zile, ya kuwa mtu mweusi hakudhaniwa kuwa atalithamini jiwe lenye jina la baba yake. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Kuomba radhi ni jambo jema, lakini hakumrudishii mtu jina lake. Jina hurudishwa kwa kazi ya kulitafuta. Kazi hiyo imeanza mahali pengine. Mwezi wa Januari 2025 ilizinduliwa katika mji wa Cape Town kumbukumbu ya watu weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika ya Kusini waliokufa wakifanya kazi za jeshi katika Afrika, na wengi wao walifia huku kwetu mashariki. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti mgumu, na jina lake. Likiwezekana huko, laweza kuwezekana kwetu pia.

Waislamu waliozikwa ugenini

Si kweli kwamba Mwislamu hakutunzwa popote. Huko Uingereza, katika mji wa Woking, uko msikiti uliojengwa mwaka 1889. Askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa walipoletwa kutibiwa Uingereza na baadhi yao wakafa, Wajerumani walieneza maneno kwamba Waislamu hawazikwi kwa taratibu za dini yao. Imamu wa msikiti ule aliiomba serikali iwape uwanja, nayo ikakubali kuuzungushia ukuta uwanja karibu na msikiti, wenye lango la kuba kwa mtindo wa Bara Hindi. Walizikwa humo askari 19 wa Vita vya Kwanza, na 8 wa Vita vya Pili. Mwaka 1968 maiti walihamishiwa makaburi ya Brookwood, kwa sababu uwanja ulikuwa umeharibiwa na wahuni. Mwaka 2015 mahali pale palifunguliwa tena kuwa bustani ya amani, ikapandwa miti 27, mti mmoja kwa kila askari. Watu 27 tu, nao wamehesabiwa mmoja mmoja baada ya miaka mia.

Kadhalika huko Ujerumani, kusini ya Berlin, palikuwa na kambi ya mateka Waislamu iliyoitwa Kambi ya Hilali, na mwaka 1915 ulijengwa ndani yake msikiti wa mbao, wa kwanza katika nchi ile. Waliokufa kambini walizikwa Zehrensdorf, wakiwamo Wahindi 206. Uwanja ule uliingia katika eneo la mazoezi ya majeshi, mawe yakavunjika na kufunikwa na vichaka, mpaka ukatengenezwa tena mwanzoni mwa karne hii. Lakini huko Basra, katika Iraki, palikuwa na aibu iliyofanana na yetu. Ukuta wa kumbukumbu uliojengwa huko ni wa watu zaidi ya 40,000. Maofisa na Waingereza wakaandikwa majina, ila askari wa kawaida wa Kihindi, Waislamu na wasio Waislamu, wakaandikwa hesabu yao tu chini ya jina la kikosi. Yaonyesha ya kuwa jina la mwenye cheo lilihesabiwa kuwa jambo la lazima, na jina la mnyonge likahesabiwa kuwa gharama.

Vita vya Pili, na makaburi yanayoweza kuzuriwa

Katika Vita vya Pili mambo yalitengenea kidogo. Watu zaidi ya 70,000 wa Uganda waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi, mpaka Wataliani walipojisalimisha Gondar mwezi wa Novemba 1941; wakaenda Bukini mwaka 1942; kisha wakavuka bahari kwenda kupigana na Wajapani katika Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliingia bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika, ambapo majeshi mengine yaliona vita haviwezekani kwa matope na maradhi. Walijenga barabara kwa magogo huku wakipigana, na mwezi wa Desemba wakavuka mto Chindwin. Wazee waliorudi walikuwa wakisema kwamba mvua ile iliua kama risasi.

Wako waliokufa hata kabla ya kufika. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300.

Waliopotea katika meli ile wameandikwa majina katika Kumbukumbu ya Afrika ya Mashariki, iliyomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, katika njia ya Ngong. Waliokufa Burma wasijulikane walipolala wameandikwa katika kumbukumbu ya Taukkyan, kaskazini ya mji wa Yangon, yenye majina karibu 27,000, wengi wao wa Bara Hindi, na wa Afrika wamo. Hapa kwetu yako makaburi ya vita ya Jinja, karibu na mahali mto Nile utokapo ziwani. Hayako mbali, wala hayana kiingilio. Anayeingia humo huona mawe ya kimo kimoja, kila jiwe na alama ya kikosi, namba ya askari, jina na tarehe. Majina ya Kiislamu husomeka kando ya majina ya Kikristo na ya wenye mila za wazee wao. Ni wazi kwamba kilichokosekana mwaka 1918 hakikuwa uwezo wa kuandika.

Je, wanastahili kukumbukwa?

Wako vijana wetu wanaouliza kwa nini tuwakumbuke watu waliopigana kwa ajili ya mfalme wa kigeni, katika ugomvi usiokuwa wao. Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa kukasirika. Kwanza, si wote waliokwenda kwa hiari. Wapagazi wengi walikamatwa na machifu kwa amri ya serikali, wakafungwa kamba, wakapelekwa. Aliyedhulumiwa haongezewi dhuluma ya pili kwa kusahauliwa. Pili, ziara ya kaburi si kuisifu vita iliyomuua maiti. Mtume alimsalia mfagiaji wa msikiti wala hakuuliza cheo chake.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, hatuna mizani ya kupimia daraja za watu mbele ya Mwenyezi Mungu. Tumefundishwa katika hadithi iliyo sahihi kwamba miongoni mwa wahesabiwao kuwa mashahidi yumo afaye kwa maradhi ya tumbo, na yumo afaye maji. Na tuwafikiri basi wale waliokufa kwa kuhara damu kando ya njia ya Tabora, na wale waliozama karibu na Maldivi. Hatusemi kwa yakini kuwa fulani ni shahidi, kwa maana elimu hiyo ni ya Mungu; lakini mtu mwenye kuijua hadithi hiyo hawezi kuwatazama watu wale kwa dharau. Ama waliopigana na kuua, nao wakauawa, hukumu yao ni kwa Mola wao, na juu yetu ni kuwaombea msamaha Waislamu waliokufa katika imani.

Adabu za ziara, na kazi iliyobaki

Atakaye kuzuru makaburi ya vita na aende kwa utulivu, wala asiende kama aendaye kustarehe. Awatolee salamu waliolala, kama tulivyofundishwa, na kukiri kwamba naye atawafuata Mungu apendapo. Asikae juu ya kaburi wala asilikanyage, asipige mayowe, asiombe kitu kwa maiti, bali amwombe Mungu kwa ajili yake. Mbele ya makaburi ya wasio Waislamu asimame kwa heshima na kujizingatia, kwa maana mauti ni waadhi kwa kila mtu. Na awachukue watoto wake, awasomee majina kwa sauti. Jina likisomwa baada ya miaka 80 huwa kama mlango uliofunguliwa.

Lakini Jinja, Nairobi na Taukkyan ni kwa wale walioandikwa. Kwa wasioandikwa hatuna jiwe la kwenda kulisimamia, na ziara yao haiwezi kuwa ya miguu. Ziara yao ni kuyatafuta majina. Wazee waliokwenda Vita vya Kwanza wamekwisha ondoka wote, na waliokwenda vya Pili karibu wote. Wamebaki wajukuu waliosikia habari wakiwa watoto: babu fulani alikwenda na wapagazi asirudi; nyanya fulani alikaa eda bila kuona maiti; shamba fulani liliitwa kwa jina la mtu aliyekwenda Burma. Kila mwaka upitao, mmoja wa wajukuu hao huzikwa, na jina alilolihifadhi huzikwa pamoja naye. Hilo litakuwa kosa letu wenyewe, wala hatutaweza kuilaumu tume ya London.

Kwa hiyo katika mwaka huu wa kumbukumbu kila jamaa na ifanye jambo moja lililo jepesi. Ichukue daftari. Mkubwa wa ukoo aulizwe: ni nani katika wetu alikwenda vitani na asirudi? Jina lake kamili lilikuwa nani, na jina la baba yake, na la mama yake? Alikwenda kuwa askari au mpagazi, kutoka mji gani, na nani aliyefuatana naye? Habari ya kufa kwake ilikujaje, na nani aliyeileta? Kikiwako kitabu cha mshahara, nishani, au barua, kihifadhiwe pakavu, wala kisitolewe kwa mtu bila kunakiliwa. Lililo na hakika liandikwe kuwa hakika, na lililo la kusikia liandikwe kuwa la kusikia, kwa maana kumzulia maiti habari ni dhuluma nyingine. Madaftari hayo yakusanywe msikitini, na nakala zake zipelekwe kwa tume inayotunza makaburi, ili ilipe deni ililokwisha likiri. Na kila mwaka siku moja majina hayo yasomwe, isomwe khitma, na maiti waombewe dua.

Itakuwa huenda tukapata majina mia, au hamsini, au kumi tu, katika maelfu. Wala tusivunjike moyo. Mtume hakungoja kuarifiwa habari za maiti wote wa Madina ndipo aende kwenye kaburi la mfagiaji. Alimkosa mtu mmoja, akauliza alipo. Nasi na tuanze kwa kuuliza habari za mmoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wajulikanao na wasiojulikana, walio chini ya mawe na walio chini ya majani na mawimbi. Majina yao tusiyoyajua Yeye anayajua, wala hapana aliyepotea Kwake. Amin.